Muulize Shangazi: Mtandio Usiokuongezea Mwili

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kichwani. Toleo lililopita niliandika kwa kupitia tu kwamba wengi wetu tunanenepeshwa na mitandio kuliko na wali, na sentensi hiyo moja imejaza kikapu. Basi gauni na viatu vipumzike. Nimejibu jinsi ninavyojibu dukani kwangu Kariakoo, pini mdomoni na mtu ameshakaa mbele ya kioo, kwa hiyo msinitafutie adabu nyingi.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38. Nina mwili, kifua kikubwa na shingo fupi. Kila nikiangalia picha za mahafali naona kichwa changu kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Navaa shifoni nyepesi na naizungusha kama wanavyofanya wanafunzi wangu, wao wanapendeza, mimi najaa. Je, nibaki na mweusi tu?
*Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Mweusi vaa ukipenda, lakini hautakuokoa ukiendelea kuzungusha. Hebu tuhesabu kilichokuwepo shingoni mwako siku ya mahafali. Kofia ya ndani, ile inayoshuka mpaka kooni: tabaka la kwanza. Mtandio ulipobanwa chini ya kidevu: la pili. Ukauzungusha, ukapita tena chini ya kidevu kupanda utosini: la tatu. Ncha iliyobaki ukaisokomeza pembeni ya shingo ili itulie, na hapo si tabaka tena, ni mfuko. Chini ya yote hayo kuna kola ya blauzi. Shingo fupi haibebi vyote hivyo, hata kitambaa kiwe chembamba vipi. Msichana wa kidato cha nne ana nafasi ya kutosha kati ya kidevu na mtulinga. Mimi na wewe nafasi hiyo tunaitafuta.

Sasa fanya hivi. Kofia ya ndani iishie kwenye mstari wa nywele na kisogoni, isishuke kooni. Nywele zifungwe chini, bapa, zisisimame utosini. Chukua mtandio wa sentimita 180 kwa 70, ambao ni kipimo cha kawaida madukani. Ile ya mita mbili kwa sentimita 90 waachie warefu. Uweke kichwani upande mmoja ukiwa mfupi: ncha ya kushoto ikomee kwenye mtulinga, ya kulia ishuke mpaka karibu na goti. Bana pini moja chini ya sikio la kushoto, nyuma kidogo ya taya. Sikusema chini ya kidevu. Pini ya chini ya kidevu inavuta kitambaa juu na kuisukuma nyama mbele, na hata mwembamba anatoka na kidevu cha pili.

Chukua upande mrefu, upitishe kifuani kwa mshazari hadi bega la kushoto, uache udondoke mgongoni. Basi, usirudi kichwani. Kabla ya kubana begani, ingiza vidole viwili kati ya koo na kitambaa, ukishushe kidogo ili mbele pawe na mteremko badala ya kitambaa kukukaba. Pini ya pili iweke nyuma ya bega, upande wa mgongo. Ikikaa juu ya bega inatengeneza kinundu, na bega linaonekana limepanda kwenda sikioni. Ukimaliza, kifuani una tabaka moja tu, na macho ya mtu yanateremka kwa mshazari badala ya kutembea kutoka kwapa hadi kwapa.

Angalia pia ncha inaishia wapi. Ncha, pindo au shada vikikoma pale pale kifua kilipojaa, ni kama umechora mstari na kuandika "tazama hapa". Viishie juu yake, kwenye mtulinga, au vipite kabisa mpaka kiunoni.

Kuhusu rangi, nimevalisha wanawake wanene mitandio ya maziwa, ya waridi na ya njano ya limau wakatoka vizuri. Kinachopanua ni mng'ao. Satini inapokea mwanga kila mahali mwili ulipoinuka na kuutangaza. Krepu, viskosi (kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na mti) na jezi nyembamba (kitambaa cha kuvutika, kama cha fulana) hazifanyi hivyo. Ukichagua rangi inayokaribiana na ya gauni, mwili hausomeki vipande vipande. Maua makubwa hayana ubaya mradi yasikae mawili, moja kila upande wa kifua. Hilo nimeliona harusini na sikuweza kula.

Na usinunue kwa kuangalia wembamba peke yake. Kuna shifoni za poliesta nyembamba sana ambazo zina ukavu, zinasimama. Ukiwa dukani shika mtandio kwa katikati, uinue, uache ncha zote zining'inie. Zikianguka na kukaribiana, huo utakulalia mwilini. Zikitawanyika kama mwavuli, hata ukiufunga vipi utatanuka. Mwenye duka akikukataza kuinua kitambaa chake, toka.

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu ana sendoff mwezi ujao hapa Mwanza. Sare yetu ni kitenge cha waksi, na kamati imeamua dada wote wa bibi harusi tufunge vilemba. Tulifungwa vya majaribio, changu kikatoka kikubwa kuliko kichwa na kizito. Mimi ni mfupi, uso wa duara, na mnene. Nataka kidogo kabisa, cha kubana kichwa tu. Kamati inasema nitaharibu picha.
*Dada wa bibi harusi, Mwanza*

Marahaba mama. Kwa sababu yao kamati wamekosea, lakini kwa uamuzi wao wa kukataa kidogo wako sahihi. Kilemba kidogo cha kubana kichwa ndicho kitakachokunenepesha. Kichwa kikionekana kidogo, mwili chini yake unaonekana mkubwa zaidi. Mwanamke mfupi mwenye mwili anahitaji kilemba chenye kwenda juu. Anachopaswa kukikimbia ni kilemba cha kwenda pembeni. Kipimo changu mimi: upana usivuke masikio kwa zaidi ya vidole vitatu kila upande, na urefu usizidi urefu wa uso wako mwenyewe kutoka paji hadi kidevu. Kikizidi hapo ndugu waliokaa nyuma ukumbini hawatamwona bibi harusi, na watakusema.

Uzito uliousikia najua ulikotoka. Waksi inauzwa kipande cha yadi 6, upana wake karibu sentimita 115. Fundi wa gauni akishakata, anayefunga kilemba hupewa kile kilichobaki kama kilivyo, upana mzima, akakikunja mara nne ili kiingie kichwani. Hizo ni tabaka nne za kitambaa kigumu kabla hata hajapiga fundo. Nenda kwa fundi wako leo, kabla hajaingiza mkasi, umwambie akukatie ukanda wa yadi 2 kwa nusu ya upana. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 183 kwa 57. Nusu nyingine mpe dada yako mwingine, kila mmoja atapata chake na kipande kitabaki.

Usikifue. Kitenge kipya kina wanga, na wanga huo ndio utakaosimamisha marinda bila kuhitaji kitambaa kingi. Kipige pasi ya moto, ukunje ukingo uliokatwa kwa ndani mara moja tu na kuulaza. Siku hiyo suka twende kilioni za kulala, usisuke rasta za kukusanya juu. Nimeona watu wakiweka skafu, juu yake wigi, juu yake kilemba, halafu wanauliza kwa nini kichwa kinauma.

Kufunga kwenyewe: inamisha kichwa mbele, weka katikati ya ukanda kisogoni, ukingo wa chini ufunike mwisho wa nywele. Leta ncha zote mbili mbele, zipishane pale nywele zinapoanzia, si kwenye nyusi. Kilemba kinachogusa nyusi kinafupisha uso, na wako wa duara hauna cha kupunguza. Baada ya kupishana, ncha ya kwanza izungushe kichwani na kuilaza bapa, umalizie kwa kuichomeka nyuma. Usiipige fundo. Ncha ya pili ndiyo ya mapambo: ifungue upana wake wote, ikunje marinda manne au matano yanayoelekea juu, ukiyapanga kwa kidole gumba na cha shahada, halafu bana mizizi ya marinda kwa pini mbili zilizojificha, nyuma kidogo ya utosi. Yafungue sehemu ya juu tu. Kwa mbele utaona uso wako wote, masikio yako na hereni, kisha kitambaa kinachopanda. Shingo nyuma iwe wazi kabisa, kusining'inie ncha yoyote. Ni senti chache za shingo, lakini kwa watu wafupi ni mtaji.

Mkiambiwa mfunge gele, vile vilemba vipana vya Wayoruba wa Nijeria, kubalini kwa bibi harusi na mama yake. Gele hupendeza ikifungwa na mtu aliyejifunza, na vitambaa vyake vigumu vimetengenezwa kukaa upana. Kwa dada kumi wanaocheza mpaka usiku, hapana.

Na kitu kimoja ambacho hukuuliza. Kikikubana mpaka ngozi ya paji inavutika, kilegeze hata kama picha zimeanza. Nywele za pembeni zinazokatika kwa watu wengi hazikatwi na baridi wala mafuta mabaya, zinakatika kwa kuvutwa kila siku mahali pale pale. Ndani ya kilemba weka kofia nyembamba ya satini. Hapo satini naikubali, haionekani.

Asalaam aleikum Shangazi. Kila siku napanda bodaboda kutoka Mbagala kwenda kazini. Kofia ngumu haiingii juu ya mtandio wangu, nikiivua kila kitu kimevurugika, na nikifika ofisini nimejaa kichwa na mabega. Nifunge vipi?
*Karani, Dar es Salaam*

Waaleikum salaam. Kabla sijazungumzia urembo: ncha za mtandio zisiwe nje ukiwa juu ya pikipiki. Hata moja. Wanawake wengi tunakaa upande, ncha inaning'inia pale pale penye gurudumu la nyuma na mnyororo, na ikinaswa inavutwa na shingo. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake ndefu ya hariri iliponaswa na gurudumu la gari la wazi alilopanda. Alikuwa ndani ya gari. Wewe uko juu ya pikipiki Barabara ya Kilwa asubuhi.

Kwa hiyo mtandio wa njiani na wa ofisini viwe viwili. Wa njiani uwe wa jezi nyembamba, mfupi, au ule wa kushonwa tayari unaoingizwa kichwani. Hauna pini, hauna ncha. Nywele ziwe chini kisogoni, chini ya ukingo wa kofia ngumu. Utosini pasiwe na kibanio wala pini yoyote, maana ukianguka kofia itaigongomea kichwani. Kisha koti lililofungwa mpaka juu, mtandio ukiwa ndani ya koti.

Wa ofisini ukunje kwa urefu, uviringishe kwenye fimbo ya karatasi, ile inayobaki foili ya jikoni ikiisha, uuweke kwenye mkoba. Hautakuwa na mikunjo. Ukifika, unaufunga juu ya ule wa jezi ambao sasa umekuwa kofia yako ya ndani, kwa ule mtindo niliompa Mwalimu wa Morogoro: pini ya sikioni, mshazari, bega. Ukishazoea ni kazi ya muda mfupi kuliko foleni ya chai.

Umeniambia pia kwamba unajaa mabega. Ninavyodhani unavaa blauzi za mikono ya puto, maana zimerudi. Puto na mtandio wa kulalia begani havikai pamoja. Chagua kimoja.

Bi mkubwa, shikamoo. Mie hujitanda leso tangu usichana wangu, na sitaki hiyo mitandio ya kisasa. Lakini binti yangu hunambia leso yanijaza. Ni kweli?
*Mama wa Mombasa*

Marahaba, na mwambie binti akuheshimu. Leso ni pamba, ina upana wa mita 1.1 hivi na urefu wa mita 1.5, na ukiifungua yote ukajitanda, lazima ushike kitambaa kingi mikononi. Ikunje theluthi moja kwa ndani kwa upande wa urefu kabla hujaiweka kichwani. Pindo la chini bado litaonekana na jina, yale maneno yaliyoandikwa, litasomeka mgongoni, maana najua hutaki jina lipotee, hasa kama lilinunuliwa kwa ajili ya jirani fulani. Leso mpya iloweke na kuifua peke yake mara mbili tatu mpaka wanga utoke. Yenye wanga hukaa mbali na mwili, iliyofuliwa hulala. Na ukienda Biashara Street kununua, chagua ambayo mji wake, ile sehemu ya katikati, umetulia, bila duara kubwa katikati. Duara hilo likija kukaa mgongoni, binti atapata la kusema.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume, naomba usicheke. Nataka kumnunulia mke wangu mtandio mzuri wa zawadi. Wa mwisho niliomnunulia amesema unamfanya aonekane mnene na umebaki kabatini. Nimeambiwa ulikuwa wa hariri. Nitajuaje hariri, na nitajuaje utakaomfaa?
*Mume, Dodoma*

Marahaba baba. Nimecheka kidogo tu.

Hariri kwanza. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, wala usichome kitambaa cha watu, uwashe kwa kiberiti. Hariri inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba na viskosi zinaungua na kunuka karatasi. Sufu nayo inanuka nywele, lakini sufu hutaichanganya na hariri kwa kushika. Nina wasiwasi ule wa kabatini ni satini ya poliesta, maana hariri nyepesi haimjazi mtu. Usimwambie mkeo umechoma uzi wake.

Njia ya pili haihitaji kiberiti: pete yako ya ndoa. Mtandio mwepesi wa kweli, ukiuvuta kwa kona, unapita wote ndani ya pete. Ukikwama katikati, ndio utakaokwama shingoni mwake. Jezi haitapita na haina makosa, lakini kwa zawadi usianze na jezi.

Sasa mwenyewe ingia kabatini kwake. Tafuta mtandio uliochakaa kuliko yote, ule anaouvaa kila mara mpaka ukingo umefifia. Upime kwa futi urefu na upana, ukumbuke rangi, ushike uone uzito. Zawadi yako iwe na vipimo hivyo hivyo na uzito huo huo, kwa rangi anayoivaa kwenye gauni lakini hana kwenye mtandio. Hapo hutakosea. Wanaume mnaenda dukani mnanunua ile iliyomkaa vizuri mwanasesere wa dirishani, ambaye hana kifua wala watoto watatu.

Angalia ukingo pia. Mitandio mingi imepigwa ovaloki ya uzi mnene, ambayo inakakamaa na kusimama mgongoni. Ukingo mzuri ni mwembamba, na kwa hariri bora umeviringishwa na kushonwa kwa mkono. Kama mkeo hafuniki kichwa bali anavaa skafu shingoni, chukua ya mraba, sentimita 90 kwa 90, kipimo ambacho Hermès ya Paris wamekuwa wakikitoa tangu 1937. Haihitaji kuwa yao. Pale Karume, Ilala, kwenye mitumba, ukivumilia kufukua utapata za hariri zenye ukingo wa mkono. Ikunje pembetatu, kisha uikunje kwa mshazari iwe ukanda wa vidole vitatu. Kitambaa kikikunjwa kwa mshazari kinalegea na kuzunguka shingo bila kuvimba. Kikikunjwa kwa unyoofu kinakuwa mkanda. Avae ikiwa ndefu mbele, fundo moja legevu chini ya mtulinga, na ncha zisilingane.

Salaam Shangazi, shikamoo. Nilitoka Zanzibar, sasa naishi Minneapolis. Miezi ya baridi huku nikivaa hijabu, juu yake skafu nene ya kufuma, juu yake koti lenye kofia, siwezi hata kugeuza shingo. Kwenye gari mkanda haufungi vizuri. Nipunguze nini?
*Mzanzibari aliye Marekani*

Marahaba mwanangu, pole na baridi. Punguza skafu ya kufuma. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na nyuzi nyembamba za sufu zinanasa hewa nyingi ndani ya unene mdogo. Ile skafu nene ya akriliki inapitisha upepo kwenye matundu yake, ndiyo maana unaizungusha mara tatu. Tafuta shali ya sufu ya merino au ya pashmina. Pashmina halisi ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa milima ya Himalaya, kama wale wa Ladakh, yanayofumwa Kashmir, laini mno, na bei yake si ya mchezo. Ile ya dola chache sokoni ni viskosi au akriliki iliyoandikwa jina hilo. Kwa hiyo soma lebo ya ndani, usisome ya mbele.

Hijabu ya ndani iwe jezi, mzunguko mmoja, ncha zake zote mbili zishuke moja kwa moja ndani ya sweta. Hazina kazi nje. Shali ikunje pembetatu na kuivaa ndani ya koti, pembe ikitazama mbele kifuani, ncha mbili zikipishana nyuma ya shingo na kurudi mbele, kisha uzilaze chini ya ukosi wa koti. Pembe inaziba kifua chote na shingo ina tabaka mbili tu. Koti ulifunge juu yake. Kofia ya koti ipandishe ukiwa nje, na ukiingia kwenye gari ishushe, maana ndiyo inayokusukuma shingo mbele. Mkanda wa gari pia upite juu ya koti jembamba, si juu ya lile la kuvimba. Lipashe gari joto kwanza, uvue lile kubwa kabla ya kufunga mkanda.

Hijabu zako za shifoni zitakuwa zinakugandia usoni huko kwa umeme wa hewa kavu. Pitisha mkono wenye losheni kidogo kwenye kofia ya ndani kabla ya kuvaa. Au ziweke kabatini usubiri Juni.

Mdogo wangu, hujambo. Mimi nimepita miaka 70, vidole vinauma, siwezi tena kupiga fundo wala kubana pini. Wajukuu wananifunga, wananijaza vitambaa mpaka nasikia joto. Nataka kilemba changu mwenyewe ninachoweza kukivaa bila kumwita mtu.
*Bibi wa Tanga*

Shikamoo dada. Sijambo, na nimefurahi kupata barua ya nyumbani.

Mtume mjukuu kwa fundi yeyote wa karibu, hii haihitaji bingwa. Apeleke kitambaa cha pamba nyepesi, mita moja na nusu inatosha na itabaki. Fundi apime kichwa chako kuzunguka, juu ya masikio, aongeze vidole viwili. Ashone kofia ya kawaida ya tabaka moja, nyuma kisogoni aweke lastiki laini ya urefu wa kiganja, mbele pasiwe na lastiki kabisa. Kisha ukanda wa kitambaa hicho hicho, upana wa sentimita 20, aupishanishe mara moja tu mbele ya kofia na kuushona pale pale. Fundo limepigwa mara moja na cherehani, wewe unavaa na kuvua kama kofia.

Asitie sponji ndani. Mafundi wa siku hizi wanapenda kutia sponji ili kisimame, na hilo ndilo joto unalolisikia. Ushonewe viwili, kimoja kikifuliwa kingine kipo kichwani. Na mwambie fundi mshono wa paji autazamishe nje, kisha aufunike kwa ule ukanda, ili ngozi yako iguse kitambaa kitupu.